Sifongo Zilizochovywa Kwenye Chai

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu, samaki wa kwanza alikuwa ameinua mdomo juu ya maji, anahema. Dada wa mapokezi ndiye aliyemwona. Alinipigia simu huku bado anamtazama.

"Mwalimu, huyu wako wa mistari anakunywa hewa."

"Mmoja tu?"

Nilimsikia akihesabu. Kisha akasema, "Sasa ni wanne."

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilikotoka. Niliacha kufundisha kemia, kazi yenye mshahara na pensheni, nikageuza samaki wa sebuleni kuwa ajira. Mnajua rafu ilivyoanguka na kuvunja matangi yangu yote ya nyumbani, likabaki pipa moja la plastiki uani. Na mnajua kwamba baada ya balaa hilo hoteli hii ilinipa tangi la ukumbini, refu kuliko kitanda, kwa sharti moja. Likipendeza mbele ya mkurugenzi siku ya kulizindua, matangi ya hoteli zote za kampuni ni yangu. Lisipopendeza, nirudi kwenye chaki.

Wiki iliyopita niliwaacha Ijumaa, tangi linapendeza na mimi najipongeza. Mkurugenzi alikuwa anakuja Jumatano.

Nilipofika ukumbini, watatu walikuwa wanaelea kwa ubavu. Meneja alisimama mbele ya kioo, ameshika ncha za koti lake na kulitanua, kama mtu anayedhani anaweza kulifunika tangi zima.

"Mwalimu, wageni wangu wanakunywa chai wakitazama msiba."

"Nipatie ndoo."

"Nikupatie na sanda?"

Nilichota maji kwenye kichupa, nikadondoshea dawa ya kupimia, nikatikisa. Maji salama hubaki ya njano. Haya yaligeuka kijani, na kijani kikaendelea kukolea hadi kikawa kama jani la mpera.

Amonia.

Nieleze kwa ufupi, maana kisa chote kinasimama hapa. Samaki wa tangi anaishi ndani ya choo chake mwenyewe. Taka yake inatoa sumu, na sumu hiyo ndiyo amonia. Kinachomwokoa ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyojenga makazi ndani ya sifongo ya chujio na kuila sumu. Sifongo mpya haina kijidudu hata kimoja, na itachukua zaidi ya mwezi kuvipata vya kutosha. Sifongo iliyokomaa unaihamisha leo, na leo hiyo hiyo tangi jipya lina uhai. Ndiyo maana mtu wa kazi hii hulinda sifongo kuukuu kuliko samaki. Samaki wanauzwa kila mtaa. Sifongo kuukuu hakuna anayekuuzia.

Zangu zilikuwa sita, zimekomaa ndani ya lile pipa la uani. Zote sita nilizipachika hapa Ijumaa. Kwa hiyo amonia haikuwa na haki ya kuwepo.

"Labda ni jicho la watu," alisema meneja.

"Jicho halibadilishi rangi ya kichupa."

Nilifungua chujio, nikatoa sifongo moja, nikaikamua. Yalitoka maji ya kahawia, kama inavyotakiwa. Lakini sifongo iliyokomaa hutoa tope linaloteleza vidoleni. Hii ilitoa rangi tu. Nilipoiachia ikajaa mara moja, ngumu, kama imetoka dukani.

Nikainusa. Sifongo kuukuu hunuka udongo uliopigwa na mvua. Hii ilinukia majani ya chai.

"Vipi?" meneja aliuliza.

"Ni mpya. Imechovywa kwenye chai ya rangi ili ionekane kuukuu."

Alinitazama, akalitazama tangi, akanirudia mimi.

"Yaani umewapa samaki chai?"

"Kuna mtu amewapa."

"Kavu? Bila hata kitafunio?"

Nilizikagua zote. Sita kwa sita, chai.

Waliokuwa hai niliwahamishia kwenye mabeseni ya dobi wa hoteli, nikawawekea maji ya bomba yaliyoondolewa dawa, na pampu za hewa. Nusu walikuwa wamekwisha. Hao wa mabeseni wangeweza kuvumilia siku mbili, tatu, kwa kubadilishiwa maji.

"Mkurugenzi haji kukagua mabeseni," alisema meneja. Safari hii hakutania.

"Nitazipata sifongo zangu."

"Ukizipata, nipigie. Usipozipata, usinipigie. Nitajua."

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa Rubani, muuza samaki wa sokoni. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila samaki wake, hata yule ambaye kila mtu anajua katoka mtaroni, "ametua jana na ndege". Tangu nipate kazi ya hoteli alikuwa hanisalimii ila kwa mafumbo.

"Karibu, mama wa mahoteli! Umekuja kutuaga?"

Niliiweka sifongo mezani kwake. "Nusa."

Alinusa. Akanusa tena. Kisha akacheka hadi akashika ukingo wa meza.

"Mwalimu, mimi nina roho mbaya, sikatai. Lakini roho yangu mbaya ni ya papo kwa papo. Nikikuchukia asubuhi, mchana nishakutukana, jioni nimesahau. Hii ya mtu kuchemsha chai, akasubiri ikolee, akachovya, akaanika, akaangalia rangi kama imekubali? Hii ni roho mbaya yenye subira. Mimi subira nitaitoa wapi?"

Hoja yake ilikuwa sahihi, nikaikubali. Nikamuuliza kama ana sifongo iliyokomaa, hata moja.

"Kwangu samaki ni abiria, mwalimu. Anashuka asubuhi, jioni kachukuliwa. Chujio la kazi gani?" Akajikuna kidevu. "Ila sifongo mpya nimeuza. Wiki iliyopita. Sita."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wako. Mdogo wako. Nikamuuliza, dada hajambo? Akasema hajambo, ndiye kanituma."

Sikuwa nimemtuma.

Rubani aliusoma uso wangu. Akavuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja. "Keti kwanza. Kama hilo hulijui, basi na la kliniki ya meno hulijui."

"Kliniki gani?"

"Ndiyo maana nimekwambia keti."

Mdogo wangu ni kitindamimba wa mama. Tangu kazi yake ya udereva iishe, yeye na mama wanaishi vyumba vya nyuma nyumbani kwangu. Nilimpa kazi ya kunisaidia, na alikuwa anajifunza haraka. Ijumaa ile ndiye aliyezitoa sifongo kwenye pipa, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na maji yake, akazibeba hadi hotelini. Nilizipokea mkononi mwake zikichuruzika kahawia, nikazipachika. Nani anamnusa ndugu yake?

Kliniki ipo ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Chumba cha kusubiri kina viti vya plastiki, picha ya jino lililokatwa katikati, na sauti ya mashine ya kutoboa inayopenya ukutani. Kwenye kona, mahali ambapo mgonjwa hawezi kukwepa kutazama, palikuwa na tangi. Maji yalikuwa maangavu. Samaki waliogelea katikati ya maji, mapezi yamesimama.

"Zuri, eh?" Mwanamke wa dawati aliniona nikikodoa macho. "Fundi wetu kalifunga Ijumaa, Jumamosi samaki ndani. Hajafa hata mmoja. Una miadi?"

"Nitakuwa nayo."

Nilitoa kichupa mkobani, nikapima. Njano. Nikainua kifuniko cha chujio, nikabonyeza sifongo ya juu kwa kidole, nikakinusa kidole. Udongo na mvua.

"Dada."

Alikuwa nyuma yangu, ameshika jagi la maji. "Tafadhali punguza sauti. Hapa ni kwa mteja."

"Sijasema neno."

"Naona linakuja."

"Sifongo zangu zimefikaje humu?"

"Zetu, dada. Nani alikuwa anazikamua kila wiki? Nani alikuwa anabeba zile ndoo mgongo ukimuuma?"

"Uliniachia mpya. Ukanipa mkononi."

"Ningefanyaje? Daktari alitaka tangi wiki hiyo hiyo. Ningemwambia asubiri mwezi, angemtafuta mwingine. Wewe una jina, wangekusubiri."

"Hawakunisubiri. Samaki nusu wamekufa, na kazi inakufa keshokutwa."

"Wewe hufi, dada." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma kipimo. "Tangu tuko wadogo, wewe hufi. Wewe unafaulu tu."

Mgonjwa mmoja aliyevimba shavu alikuwa amesahau kuugulia. Alisogea kiti kimoja karibu ili asikie vizuri.

Nilikuwa na jibu. Lakini macho yangu yalikuwa yameshuka kwenye shati lake. Lilikuwa shati jipya la buluu, na juu ya mfuko palikuwa na samaki aliyedariziwa kwa uzi wa fedha, magamba yamepangwa moja moja, hakuna uzi uliovuka mstari. Ule mkono naujua. Ndio ulionidarizia nembo ya sare nilipoanza shule.

"Shati hili umeshonewa lini?"

Akamziba samaki kwa jagi.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na sifa yake kubwa ilikuwa viraka. Mtu alimletea koti kuukuu lililotoboka, naye alichukua kitambaa kipya, akakilowesha kwenye chai hadi kikafanana na koti, kisha akakipachika. Wateja walikuwa wakipapasa kwa vidole kutafuta kiraka kilipo.

Nilimkuta chumbani kwake, mguu juu ya kanyagio la cherehani.

"Umekula?" aliuliza.

"Mama, uliloweka nini kwenye chai?"

Hakusimamisha mashine. Aliufikisha mshono mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akanitazama.

"Sifongo. Mara ya kwanza zilitoka njano mno, ikabidi nirudie na majani zaidi."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi. Nilitafuta mahali pa kukaa.

"Kwa nini?"

"Wewe ukianguka, unaangukia godoro. Una cheti, una mume, shule watakupokea hata kesho. Mwenzako akianguka anaangukia sakafu. Mimi ni mama wa wote wawili. Nitandike godoro wapi?"

"Ungeniomba. Ningempa."

"Usingempa." Akatikisa kichwa taratibu. "Ungempa somo."

Nilisema lililo kweli. "Samaki wamekufa, Mama."

"Samaki hufa kila siku, mwanangu. Wengine tunawakaanga."

"Hawa walikufa kwa sababu ulichonipa hakikuwa kitu. Kilikuwa rangi."

Hapo akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Hilo sikulijua. Nilidhani sifongo ni sifongo. Nilizipanga mezani, mpya na kuukuu, nikasema hata yeye akija hatazijua."

"Sikuzijua."

"Basi nilizifanya vizuri," alisema, na nadhani alitaka kunifariji. Akanishika goti. "Yamekwisha. Damu ni nzito kuliko maji."

"Maji ndiyo kazi yangu, Mama."

Nilitoka nje hadi uani, nikasimama karibu na pipa tupu, nikafanya nililozoea kufanya darasani hesabu inapokataa: nikaondoa hisia, nikabakiza namba. Samaki wa hoteli waliobaki ni nusu. Nusu ya samaki inahitaji nusu ya sifongo. Tangi la kliniki ni dogo, na mdogo wangu akiwalisha samaki kwa kiasi, sifongo tatu zinamtosha. Tatu kwangu, tatu kwake. Hakuna tangi litakalokufa. Mkurugenzi atakuta samaki wachache kuliko alioahidiwa, lakini atakuta samaki, ndani ya maji maangavu.

Nilirudi ndani nikamweleza Mama. Machozi yakamlenga. Akachukua simu yake, akampigia mdogo wangu yeye mwenyewe.

"Baba, dada yako kasamehe. Mgawane nusu kwa nusu. Ee. Leo. Ee, nakuja naye, nishuhudie kwa macho yangu."

Alizungumza naye kwa muda, akiitika zaidi kuliko kusema. Alipokata alikuwa ameshavaa viatu.

Nilimpigia meneja. Nikamwambia nimezipata.

"Zenyewe? Zisizo na majani?"

"Zenyewe."

"Basi kesho asubuhi nataka kuona mabeseni yangu yanarudi kwa dobi."

Jioni, wagonjwa walipokwisha kuondoka, mdogo wangu alitufungulia mlango wa kliniki. Mwanamke wa dawati alikuwa amekwenda. Mama aliketi kwenye viti vya plastiki, mkoba mapajani, kama anasubiri kuitwa. Mdogo wangu alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, dada. Nilikosa."

"Nipe nikawawahi samaki."

Alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na ndoo. Nilichungulia. Sifongo zilikuwa tatu, kama tulivyokubaliana. Zilikuwa zimetakata. Ziling'aa kama meno ya kwenye picha ukutani.

"Nimekuoshea," alisema.

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba. Zilikuwa chafu sana. Niliona haya kumkabidhi dada yangu uchafu."

Sheria ya kwanza niliyomfundisha, kabla hata sijamkabidhi wavu, ni kwamba sifongo iliyokomaa haiguswi na maji ya bomba. Dawa inayotiwa kwenye maji ili kuua vijidudu haiulizi vijidudu vya nani. Zisuguliwe chini ya bomba linalotiririka, na kazi ya mwaka imekwenda na maji machafu. Sheria hiyo hakuwa ameisahau. Ijumaa hotelini nilimsikia kwa masikio yangu akimkataza mfagizi kugusa chujio, kwa maneno yangu yale yale.

Niliinua moja, nikaikamua. Maji meupe. Nikainusa. Haikunuka kitu.

Sikupaza sauti. Nilikwenda kwenye tangi lake, nikainua kifuniko cha chujio. Tatu za humo zilikuwa za kahawia, zimelowa tope, zinanuka udongo.

"Hizi hukuziosha."

"Hizo si za kukupa."

Nilimgeukia Mama. Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

Simu yangu ikalia. Meneja.

"Mwalimu, samahani kukusumbua, ni jambo dogo tu. Mdogo wako kanipigia jioni hii. Anasema una mzigo mwingi, umeamua tangi letu alichukue yeye, pamoja na hoteli nyingine zikipatikana. Kesho asubuhi analeta sifongo zilizokomaa, kiasi cha samaki waliobaki. Mimi sina neno, muhimu waogelee. Lakini kazi nilikupa wewe, nataka kulisikia kwako. Ni kweli?"

Mashine ya kutoboa meno ilikuwa imezimwa. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba swali lile lilifika hadi kwenye viti vya plastiki. Mdogo wangu aliinamisha macho kwenye ndoo. Sifongo zilizokomaa zilikuwa zimebaki zile tatu tu za tangi lake. Nilifungua kinywa.

Mama aliinuka. Alikuja hadi nilipokuwa, akaitoa simu mkononi mwangu polepole, kama mtu anayemwondolea mtoto kitu chenye ncha, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, baba," alimwambia meneja. "Mimi ni mama yao. Ni kweli."